Sura ya Tano: Baringo ya Wapi?

Picha ilikaa ukutani kwa kinyozi miezi minne kabla ya mtu yeyote kuniuliza swali la maana juu yake. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe, nikaihariri mwenyewe, nikaichapisha kubwa kama meza ya chai, kisha nikampa kinyozi wangu hapa Eldoret aitundike ukuta wa nyuma ili kila anayekalia kiti aione kwenye kioo. Lilikuwa tangazo langu la bure. Ziwa limelala, jua ndio kwanza linatoa kichwa juu ya milima, mitumbwi miwili imekaa katikati kama mbegu za tikiti, na maji ni ya buluu. Buluu ya sabuni ya unga.

Siku moja akaketi dereva wa matatu za Kabarnet. Alinyolewa upande mzima bila neno, macho yake kwenye kioo. Mimi nilikuwa benchini nikisubiri zamu yangu, na kinyozi alikuwa ameshamdokeza kwamba mwenye picha ni yule pale.

"Kaka, hapa ni wapi?"

"Baringo."

Aligeuka ghafla hata kinyozi akalazimika kuinua mashine. Akaitazama picha uso kwa uso, labda akidhani kioo ndicho kilichompotosha.

"Baringo ya wapi?"

Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, maana mteja wa kinyozi huenda kesho akawa mteja wangu, na kazi inayonilisha ni harusi, sherehe za koito na mahafali, wala si maziwa. Lakini swali lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Usiku nilifungua kompyuta nikaitafuta faili ya asili, ile ambayo mkono wangu haujaigusa, nikaiweka kando ya picha ya kinyozi. Dereva alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimepiga picha Baringo na kuchapisha ziwa lisilokuwepo duniani.

Kwa asiyelijua, Ziwa Baringo ni la kahawia, rangi ya chai ya maziwa iliyokolezwa majani. Liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kwenye kimo cha karibu mita 1,000, limebanwa na vilima vya Tugen upande wa magharibi na ukingo wa Laikipia upande wa mashariki. Mito ya Molo na Perkerra hulijaza, na mito hiyo haiji mikono mitupu. Kila mvua inapopiga milima iliyovuliwa majani kwa malisho na shoka, udongo hushuka nayo. Hata hivyo maji yake ni baridi, si ya chumvi wala magadi, jambo la ajabu kwa ziwa ambalo halina mto unaotoka. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba maji hujipenyeza chini kwa chini kwenye nyufa na kuelekea kaskazini, yakatokeze moto kwenye chemchemi za Kapedo. Mwingereza J. W. Gregory, aliyefika huku mwaka 1893 na kuliita bonde hili Bonde Kuu la Ufa, alikuja kusoma mawe. Mimi nilikuja kutafuta buluu.

Sura hii basi ni ya kurudi. Nilirudi Baringo mara tatu baada ya swali lile, na mara mbili nilirudi Eldoret mikono mitupu.

Tuanze na sababu ya mara ya kwanza, maana ni kosa ambalo mpiga picha wa nyanda za juu atalifanya mapema au baadaye. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake si wa kuchezea. Niliondoka saa nane usiku, mkoba wa kamera kwenye buti ya gari, na kuna takriban kilomita 150 mpaka Kampi ya Samaki, ufukoni mwa ziwa. Barabara hupanda kwanza hadi Iten, ambako ukichelewa kidogo utawakuta wanariadha wakikimbia gizani kwa pumzi za moshi, kisha hujitupa kutoka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach mpaka sakafu ya Bonde la Kerio. Unavuka mto, unapanda tena vilima vya Tugen mpaka Kabarnet, kisha unashuka tena hadi Marigat. Kwenye ramani ni safari ya kwenda mashariki. Masikioni mwako ni safari ya kupanda na kushuka, na kila mteremko masikio huziba.

Nilifika ziwani kungali giza, nikafungua buti, nikatoa kamera, nikaitegesha kwenye stendi ya miguu mitatu. Nilipoangalia kwenye kioo chake niliona maziwa matupu. Nikapangusa lenzi, baada ya sekunde tano maziwa yakarudi. Kioo kilikuwa bado na baridi ya Eldoret, na hewa ya Baringo ni ya joto na imejaa unyevu wa ziwa. Unyevu ukigusa kitu cha baridi hugeuka matone, vilevile soda ya friji inavyotoka jasho mezani. Kupangusa hakusaidii, kwa sababu anayeleta ukungu ni baridi iliyo ndani ya kioo, na baridi hiyo haina haraka. Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikalitazama jua likichomoza kwa uzuri ambao sijauona tena.

Dawa yake ni rahisi hata inatia aibu. Kamera isafiri ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na usikifungue mpaka kilichomo kiwe kimepata joto la mahali ulipofika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, kwa hiyo mimi hutumia ndoo yenye kifuniko kinachobana, ile ya kuhifadhia unga. Naiweka kiti cha nyuma, si kwenye buti, na nikishafika Marigat nafungua madirisha yote. Abiria wangu, kama ninaye, hudhani nabeba mahamri.

Mara ya pili nilichelewa. Dakika kumi tu, lakini katika sehemu zetu dakika kumi ni nusu ya kitu chote, na hapa inafaa nieleze taratibu, kwa kuwa vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao husifu ile saa ya dhahabu ya asubuhi kana kwamba ni saa nzima. Kwao ni kweli. Kaskazini mbali na ikweta, jua huchomoza kimshazari, likikwea anga kama mzee anayepanda ngazi, akipumzika kila kipandio. Baringo haiko hata digrii moja kutoka ikweta, na jua lake hupanda wima. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, basi jua linalopanda wima hukata digrii moja kila dakika 4. Tangu uweze kutambua uso wa mtu mpaka jua litokee ni dakika 21 au 22. Baada ya hapo una chini ya nusu saa kabla rangi haijakauka na kuwa ile nyeupe ya mchana. Anayekuja na kitabu cha Norway atakuwa bado anarefusha miguu ya stendi.

Watu husema jua letu hutoka saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Si mbali na ukweli, lakini kwa mpiga picha umbali huo unatosha kumharibia kazi. Baringo jua hutoka mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa kumi na mbili na robo, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, karibu saa moja kasorobo. Nusu saa hiyo haitokani na urefu wa mchana, kwa maana mchana wetu hauongezeki wala kupungua ila kwa dakika chache. Inatokana na dunia kulizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili huku mhimili wake umeinama, kiasi kwamba saa ya jua na saa ya ukutani huachana na kukutana tena ndani ya mwaka. Mimi nilikwenda Novemba nikiwa na saa za Februari kichwani.

Lakini mlima nao una neno. Saa za simu hudhani upeo wa macho ni bapa kama bahari ya Lamu. Ukiwa Kampi ya Samaki, ufuko wa magharibi, mbele yako kuna ukingo wa Laikipia, na jua haliwezi kuonekana mpaka liupande. Njia ya kupima ni mkono wako. Unyooshe mbele kabisa. Upana wa kidole kidogo cha mwisho ni kama digrii moja. Kila kidole cha mlima kinakuchelewesha dakika 4. Kwa hiyo mwanga wa anga huanza kuiva kabla, na jua lenyewe linapochungulia linakuwa limeshapoteza sehemu ya wekundu wake. Ndiyo maana picha nzuri za Baringo nyingi hupigwa kabla jua halijaonekana, wakati mawingu ya juu yameshaliona na sisi wa chini bado. Na pale linapotokea pia huhama: Juni litatokea upande wa kushoto wa mashariki kwa digrii 23 hivi, Desemba upande wa kulia kwa kiasi hichohicho. Kisiwa cha Ol Kokwe hakihami, kwa hiyo miezi tofauti hukupa picha tofauti kutoka jiwe lilelile.

Nasema jiwe, ila usiende kukalia jiwe lolote gizani. Viboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri, na kiboko anayekukuta kati yake na maji hana subira ya kusikia kwamba unasubiri mwanga. Mamba nao wapo. Lipa mwenyeji akuongoze. Si gharama ya anasa. Mara ya tatu nilipanda mashua ya kijana mmoja wa pale, na kwenye mashua miguu mitatu ya stendi haina maana, inatikiswa pamoja nawe. Unapandisha ISO mpaka 1600 hivi, unafunga shata kwa kasi ya 1/500, unakubali chembechembe kidogo kwenye vivuli. Ukiwa ufukoni ni kinyume: ISO 100, mwanya wa lenzi f/11, shata iachiwe sekunde moja au mbili kadiri giza linavyoruhusu, na mkono usiguse kamera. Ziwa hutulia alfajiri kabla upepo haujaamka.

Asubuhi hiyo ndiyo nilielewa rangi ya maji. Nilikuwa nimeinama ukingoni mwa mashua, na chini yangu maji yalikuwa kahawia tupu. Nikainua macho polepole. Kahawia ikawa shaba, shaba ikawa dhahabu, na kule mbali chini ya mlima ikawa waridi sawa na anga. Ziwa moja, asubuhi moja, rangi nne.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Uso wa maji ni kioo na dirisha kwa wakati mmoja. Ukiyatazama kutoka juu wima, yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga wa anga. Kinachobaki hupenya ndani, na unachokiona ni kile kilichomo, kwa Baringo udongo. Ukiyatazama kwa kulala, kama unavyotazama maji ya mbali, yanarudisha karibu mwanga wote, na dirisha linageuka kioo. Kwa hiyo sehemu ya chini ya picha yako itakuonyesha ziwa, na sehemu ya juu itakuonyesha anga lililolala juu ya ziwa. Anayejua hili haogopi kahawia. Anaweza kuchagua: akisimama juu ya mwamba atapata udongo mwingi, akichuchumaa kamera ikawa shubiri moja juu ya maji atapata dhahabu nyingi. Buluu yangu ningeweza kuipata kwa magoti tu, asubuhi ya anga safi, bila kugusa kompyuta.

Turudi mezani sasa, Eldoret, na kikombe cha chai.

Simu na kamera nyingi hukupa picha ikiwa imeshapikwa, faili ya JPEG, ambayo kila pikseli ina ngazi 256 za kila rangi. Faili ghafi ya kamera ya kisasa huweka ngazi 16,384. Tofauti hii huioni ukitazama picha tu. Unaiona unapoanza kuivuta: giza la mlima ukiling'arisha kwenye JPEG linatoa mabaka na michirizi, kwenye faili ghafi linatoa miti. Mwanga uliopita kiasi, kwa upande mwingine, haurudi kwenye faili yoyote. Mahali jua lilipochoma picha kukawa kweupe kabisa hakuna habari iliyohifadhiwa, na huwezi kuhariri kisichokuwepo. Kwa hiyo wakati wa kupiga linda anga, acha vivuli viwe vizito, na utazame histogramu, ule mchoro wa kilima kwenye skrini ya kamera. Kilima kisigonge ukuta wa kulia.

Kazi ya kwanza ya uhariri ni rangi ya mwanga wenyewe. Kamera ikiachiwa ijiamulie, huona alfajiri ya machungwa ikadhani ni taa mbovu ya sebuleni, basi huisahihisha. Inakuondolea asubuhi yako kwa nia njema. Mimi huweka kiwango cha mchana, Kelvini 5,500, kwa picha zote za siku hiyo, na nasogeza kidogo tu kutoka hapo. Hivyo picha ya mapema inakuwa na baridi yake na ya baadaye inakuwa na joto lake, kama yalivyokuwa.

Kisha anga. Alfajiri anga huwa na mwanga mwingi kuliko ardhi, na jicho letu hulipatanisha hilo bila kutuambia. Kamera haipatanishi. Katika Lightroom, au Darktable isiyolipiwa, au hata Snapseed ya simu, kuna namna ya kushusha mwanga wa sehemu ya juu polepole bila kuacha mstari. Nashusha kiasi ambacho mtu hatakiona. Kipimo changu ni maji: kivuli cha anga ndani ya maji hakiwezi kung'aa kuliko anga lenyewe, kwa kuwa maji hurudisha pungufu ya yalichopewa. Picha ambayo ziwa linawaka kuliko mawingu yaliyo juu yake imepikwa na mtu asiyewahi kuchota maji. Hata asiyejua sheria hiyo huhisi kitu, akashindwa kukitaja.

Sasa dhambi yangu. Kwenye ile picha ya kinyozi nilichukua rangi ya kahawia yote na kuisogeza kuelekea buluu. Programu ilitii. Lakini programu haijui maji ni nini; inajua kahawia tu. Wale watu wawili ndani ya mitumbwi nao walikuwa na kahawia yao. Nilipoikuza faili usiku ule niliona ngozi zao zimegeuka kijivu cha zambarau, kama watu walioopolewa kutoka mto wa barafu. Mitumbwi yenyewe, ile ya Wailchamus inayoundwa kwa mti mwepesi wa ambachi, ilikuwa imekufa rangi pamoja nao. Miezi minne ukutani na mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa natazama buluu.

Kuna watakaosema: acha uhariri kabisa, picha iwe kama ilivyotoka kwenye kamera. Siwaungi mkono. Kutoka kwenye kamera hakuna maana yoyote takatifu. Ni uamuzi wa mhandisi fulani wa kiwandani. Na mafundi wa zamani hawakuwa watakatifu pia. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikumbana na tatizo letu hilihili la anga na maji. Dawa ya sahani zake iliuona mwanga wa buluu kupita kiasi, basi anga likatoka jeupe tupu kila bahari ilipotoka vizuri. Alichofanya ni kutumia negativu mbili, moja ya bahari, moja ya mawingu, akazikutanisha kwenye mstari wa upeo. Ansel Adams wa Marekani alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez tarehe 1 Novemba 1941, mwanga ukimkimbia na kipima mwanga hakionekani, akakisia kwa kukumbuka ukali wa mwezi. Nakala za mwanzo zina anga la kijivu lenye mawingu. Za baadaye, kutoka negativu ileile, zina anga jeusi kabisa, na mwaka 1948 aliitia dawa sehemu ya chini ya negativu ili makaburi ya kijiji yaonekane zaidi. Alihariri picha moja kwa miongo kadhaa! Ila mwezi ulikuwepo, kijiji kilikuwepo, na kila mtu wa Hernandez angekitambua.

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 1906, Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Rwenzori pamoja na Mtawala wa Abruzzi, kamera na sahani za kioo zikibebwa na wapagazi kupitia matope na mvua ambayo mlima ule hauishiwi. Sahani kadhaa aliziunganisha kupata mandhari pana ya vilele na barafu. Barafu nyingi ya Rwenzori imekwisha kuyeyuka, na leo picha za Sella hutumika kuonyesha ilikofika. Hakujua anaweka ushahidi.

Baringo nayo ina ushahidi wake. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na kufikia mwaka 2020 Baringo ilikuwa imemeza hoteli, nyumba, mashamba na vipande vya barabara. Twiga waliokwama kwenye kisiwa cha Longicharo kilichokuwa kikizama walivushwa mmoja mmoja kwa jahazi la bapa, kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, wakasafirishwa hadi hifadhi ya Ruko. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Migunga iliyofunikwa ilikufa ikiwa imesimama, na sasa matawi yake makavu ndiyo kila mpiga picha anayoyafuata alfajiri. Nami nayafuata, sikatai. Mti mweusi uliokauka, dhahabu nyuma yake, korongo mmoja juu: unauzika. Lakini mti ule ulikuwa na kivuli, na kivuli kilikuwa na mwenyewe. Nikishauona hivyo, siwezi tena kufuta paa la bati linalochungulia majini eti linaharibu mpangilio. Zamani nililifuta. Linachukua sekunde tatu.

Picha mpya niliihariri kwa siku mbili, na kazi nyingi ilikuwa ni kujizuia. Nilishusha anga kidogo. Nilifungua vivuli vya milima mpaka vikatoa mikunjo ya Laikipia, nikarudi nyuma nusu, maana alfajiri milima haina mikunjo. Kahawia ya chini niliiacha. Nilitaka kuichapisha usiku uleule, nikajizuia, kwa kuwa nimejifunza kwamba skrini iliyowaka ndani ya chumba cha giza hukudanganya: unaona picha ina mwanga wa kutosha, karatasi inatoka imezama. Karatasi haina taa nyuma yake. Asubuhi niliongeza mwanga kidogo mbele ya dirisha, nikachapisha kipande kidogo cha majaribio kwanza, kisha ile kubwa.

Kinyozi aliikunjua akaikunja tena.

"Hii imechafuka, ndugu yangu. Watu wanapenda ile ya buluu. Hata mama yangu ameiomba."

Sikubishana naye. Ukuta ni wake, na ya buluu iko pale mpaka leo, mkabala na kioo. Ya kahawia niliiegemeza karibu na mlango nikingoja mvua ikatike niibebe. Yule dereva aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, akachuchumaa mbele yake. Hakusema kama ni nzuri. Aliweka kidole kwenye mti wa tatu kutoka kushoto, ule ulio na bati pembeni.

"Hapa," akasema, "nilikuwa nashusha watu wa Loruk. Kulikuwa na mama anauza chapati."